Majani aliyoyang'oa mama

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa nimemuonesha picha kwenye simu. Mimi na wenzangu kumi na kitu tumesimama kwenye maji ya magotini, fulana za bluu sare, kila mtu kashika kitita cha majani mabichi utadhani tunapeleka mchicha sokoni, na nyuma yetu bango kubwa limeshikwa na watu wawili maana upepo wa kusi ulikuwa unalipeleka. Nilitegemea aseme mashaallah, kama mama yeyote anayeoneshwa picha ya mwanawe. Yeye akaisogeza simu karibu na macho, akaiangalia weee, kisha akanitazama mimi.

"Haya si majani niliyokuwa nikiyang'oa miye, mwaka niliokuzaa?"

Nikasema ndio hayohayo mama.

"Na nyie mnayapanda."

Tunayapanda.

"Mnalipwa?"

Nikamwambia tunajitolea, tunapewa nauli na chakula cha mchana. Hapo ndo akakaa kwenye mkeka kabisa, mtandio umemwanguka, anajifuta machozi na ncha ya kanga, na kila akitaka kunyamaza anaitazama tena ile picha anaanza upya.

Sasa ni miezi miwili na kile kicheko hakijanitoka. Nimejaribu kuandika hii posti mara tatu na mara zote tatu ilitoka kama ripoti ya mradi, utangulizi, changamoto, mapendekezo. Nimeifuta. Hii ni ya nne na naandika kama inavokuja, mnivumilie.

## Kiwanja cheupe

Mwani sina haja ya kuueleza, ukishafika Paje au Jambiani, Unguja, umeuona, vijiti na kamba mpaka macho yanachoka. Kilimo cha biashara kilianza huko 1989, na haukupita muda kikafika kwetu, na mama alikuwa katika wa mwanzo mwanzo. Niseme hili mapema kabla mtu hajanielewa vibaya: mwani ndo ulionisomesha. Pesa ya kwanza mama kuishika bila kumuomba mume wala kaka ilitoka kwenye mwani, na sare, madaftari, bati la jiko letu, vyote vimetoka kwenye zile kamba. Mie si mtu wa kuusema vibaya mwani.

Lakini kabla hujapanda mwani unasafisha.

Hiyo sehemu haipo kwenye zile picha nzuri za wanawake na kanga na maji ya samawati. Majani ya bahari yanajisokota kwenye kamba, yanausugua mwani, yanaficha chafi wanaokuja kuutafuna, na ndani yake wanakaa wale wanyama wa duara wenye miiba ambao ukimkanyaga mmoja utamuita mama yako na aliyemzaa. Kwa hiyo kiwanja kizuri ni kiwanja cheupe, mchanga mtupu. Mama anasema waliyang'oa kwa mikono, mikono ikishindwa kwa panga, siku za bamvua maji yakikauka mbali, wanawake wanane wanasaidizana leo kwangu kesho kwako, na kiwanja kimoja kilichukua siku tatu. Yaliyong'olewa wakayaacha maji yayachukue.

"Yalielea kama mikeka," anasema. Bila majuto wala nini, anakuhadithia kama mtu anavohadithia siku aliyopaka nyumba chokaa.

Na kwa nini ajute? Kwetu hayana hata jina la maana. Mwani una jina, una bei, una aina zake, mtoto wa darasa la pili atakwambia hii cottonii ile spinosum. Haya tunaita majani. Majani tu. Yakipigwa na mawimbi yakajaa ufukweni, vijana wa mahoteli wanaamshwa alfajiri wayakusanye kwa reki kabla mgeni hajaamka akaona "uchafu". Mimi mwenyewe, niliyezaliwa pua na mdomo na bahari, nimekuja kujua kwenye semina kwamba yanaitwa nyasi bahari na kwamba hayana undugu wowote na mwani. Mwani hauna mizizi. Haya ni mimea kamili kama mpunga, yana mizizi, yana shina linalotambaa chini ya mchanga, yanatoa maua na mbegu humohumo ndani ya maji. Wazee wa Lamu walikuwa wanayajua zaidi yetu, kuna aina moja walikuwa wanakula shina lake la chini, wanaliita mtimbi.

Hilo shina la chini ndo lenye siri. Ndo linaloshika mchanga. Ukiling'oa mchanga unahama, maji yanakuwa na vumbi, jua halifiki chini, na jani lililobaki jirani nalo linakosa mwanga linakufa, kiwanja kinajiongeza chenyewe hata kama hukugusa tena. Na humo ndani ndimo wanamokulia chafi, pono na changu wadogo, ndo maana mvuvi wa madema anayejua kazi yake hategi dema kwenye mchanga mtupu. Kasa anayala. Nguva naye anayala, ingawa nguva siku hizi ni wa kusimuliwa zaidi kuliko wa kuonwa.

Kwenye semina walituwekea slaidi: dunia imepoteza asilimia 29 ya nyasi bahari zilizowahi kupimwa tangu 1879, na kuanzia 1990 kasi ilifika asilimia 7 kwa mwaka. Watu wakasema ooh. Mimi wakati ule nikaandika kwenye daftari kama mwanafunzi mzuri.

Baada ya kicheko cha mama ndo nikaanza kuwaza kwamba zile siku tatu na wanawake wanane wamo humo ndani ya hiyo asilimia. Kipande kidogo, kidogo mno, ukilinganisha na majuya, zile nyavu za kukokotwa chini, na nanga na matope na maji machafu. Lakini wamo. Na kwenye semina nzima hakuna aliyewataja.

## Wiki tatu

Sasa nikwambie tulivopanda.

Mradi siutaji jina, watu wake wana nia njema na baadhi yao ni marafiki zangu. Tulikwenda kwanza kwenye majani mazima, tukachimbua miche na shina lake la chini, tukaipakia kwenye ndoo. Hapo tu mie tayari kuna kitu kilinigusa moyoni, maana tulipotoka tuliacha mashimo, yaani tunaziba tundu la shati kwa kukata tundu kwenye suruali. Nikanyamaza. Halafu tukabebwa na boti mpaka kwenye fungu la mchanga, tukawa tunafunga miche mitatu mitatu kwenye waya uliokunjwa kama pini ya nywele, unachomeka kwenye mchanga, unasogea hatua moja, unachomeka tena. Miche mia nne. Jua kali, mgongo umekatika, watu wanaimba. Raha kwa kweli, sikatai.

Bamvua lililofuata sikuliwahi, nilikuwa mjini. Nikaja kurudi baada ya wiki tatu, peke yangu.

Nilikuta pini. Pini nyingi, nyingine zimelala, nyingine zimezama mpaka shingoni. Majani niliyoyaona yamesimama ni kumi na moja, nikayahesabu mara mbili nikidhani nimekosea mstari. Nusu ya mstari mmoja ulikuwa umepita mfereji kabisa, mfereji mpana wa kukokotwa, na nadhani hata asiyetoka pwani atajua mfereji ule ni wa nini.

Kwa nini tulipanda pale? Nimeuliza baadaye. Kwa sababu pale boti ya wageni inafika bila kugonga mwamba.

Picha za siku ya kupanda zilipata mashaallah nyingi kwenye grupu la wasap. Picha ya pini nilipiga, ninayo mpaka leo kwenye simu, sikuituma.

Nilipoanza kusoma nikakuta wala si ajabu. Kuna watafiti wamekusanya majaribio 1,786 ya kupanda nyasi bahari duniani kote, wakatoa matokeo 2016, na kwa makadirio yao yaliyobaki hai ni kama asilimia 37. Yanayofaulu zaidi ni yale makubwa, miche au mbegu kuanzia laki moja kwenda juu, yaliyo karibu na majani mengine mazima, na mahali ambapo kile kilichoyaua mwanzo kimeshaondolewa.

Hilo la mwisho nimelisoma mara nyingi. Sisi tulikuwa na miche mia nne, na kilichoyaua kilipita palepale juu yake.

## Watu wa mbegu

Kila mtu anayetetea kupanda atakutajia Virginia, kwa hiyo na mimi nikaenda kuisoma nikiwa na wivu wangu.

Upande wa Atlantiki wa Virginia, huko Marekani, kulikuwa na ghuba zimejaa nyasi bahari aina yao ya maji baridi. Miaka ya 1930 ukaingia ugonjwa ukazimaliza, na Agosti 1933 kikaja kimbunga kikafagia mabaki. Basi. Karibu miaka sabini hakuna kitu chini, wavuvi wamezaliwa wamezeeka bila kuziona. Halafu mtafiti Robert Orth na wenzake wakaanza kumwaga mbegu. Wanapiga mbizi kukusanya matawi yenye mbegu, wanayaweka kwenye matangi mpaka zidondoke, wakati wa baridi ukikaribia wanazirusha kutoka kwenye boti kwa mkono, kama mtu anayelisha kuku. Miaka ishirini wanalisha kuku. Mbegu zaidi ya milioni 70, kwenye eneo la kama hekta 200. Leo nyasi zimejitawanya zenyewe zaidi ya hekta 3,000.

Nilifurahi nusu saa nzima.

Halafu nikajiuliza kwa nini kule ikawezekana, na jibu lenyewe wanalisema wao: maji yalikuwa bado safi, mahali palikuwa bado pazuri, kilichokosekana ilikuwa mbegu tu. Hakuna mbegu iliyoweza kufika, maana mama zao wote walikuwa wamekufa.

Kwetu mama zao wapo. Mbegu na vipande vinaelea vinapita mbele ya nyumba zetu kila siku ya Mungu. Kinachokosekana ni pa kutua, mahali ambapo hakuna atakayepita na nyavu wiki ijayo.

Wakenya wameliona hilo kwa njia nyingine. Kule Diani mpaka Chale, majani yalimalizwa na walewale wanyama wa miiba, waliongezeka wakawa wanatafuna mpaka shina. Waliongezeka kwa sababu samaki wanaowala, kina kikande na wenzake, walikuwa wamevuliwa. Watu wa utafiti wa bahari wa kule wamejaribu kurudisha majani, na fikiria mwenyewe, ukipanda bila kushughulika na hao wa miiba umewapikia.

Niliandika hayo yote kwenye daftari, nikajiona nimeelewa sana. Halafu nikakumbuka kwamba kuna mtu nyumbani kwetu amekaa kwenye ile bahari miaka thelathini na sijamuuliza hata swali moja, nilimuonesha picha tu.

## Viwanja vitatu vya mama

Mama aliacha mwani kidogo kidogo. Cottonii, ile yenye bei, ilianza kufa maji yakipata joto, inapauka inakatika, ukienda kuvuna unakuta kamba tupu. Wengine wakahamia maji ya kina, wengine wakabaki na spinosum kwa bei ya kukutia hasira, wengine kama yeye magoti yakasema basi. Alikuwa na viwanja vitatu na aliviacha kimoja kimoja, cha mwisho kama miaka sita nyuma.

Nikamwomba anipeleke bamvua lililofuata. Alinitazama kama mtu anayeombwa akupeleke jaani. "Kufanyani?" Nikasema nataka kuona tu.

Tulitoka asubuhi maji yanapwa, yeye na viatu vyake vya plastiki, mie nikihangaika nyuma. Anatembea baharini kama mtu anavotembea chumbani kwake gizani, anajua shimo liko wapi.

Kiwanja cha kwanza, alichokiacha zamani zaidi, nilidhani amekosea. Majani matupu. Marefu, mapana kama utepe, yamelala upande mmoja maji yalikoelekea, huoni mchanga. Akainama akashika kijiti kilichooza, kimebaki kama kidole. "Huu ndo ulikuwa mpaka wangu na wa wifi yako."

Nikauliza nani alipanda.

"Apande nani?"

Halafu akaanza kunieleza, na nakwambia sijawahi kusikia mhadhara kama ule. Mwaka wa kwanza unapoacha kamba hakuna kitu, mchanga tu na mashimo ya kaa. Baadaye vinakuja vijani vidogo vya mviringo, viwili viwili, kama kucha za mtoto. Hivo havina nguvu, upepo mmoja vimekwenda, lakini vinarudi. Vikishakaa vinakuja vyembamba kama majani ya kitunguu kichanga. Halafu ndo yale mafupi yaliyopinda kama mundu, hayo yakifika ujue pamekaza, mguu hauzami tena. Hawa warefu ndo wa mwisho kabisa, hawa ni wazee, hawaji kwenye nyumba isiyokuwa na watu.

Hiyo sentensi ya mwisho ni yake, sijaongeza kitu.

Nyumbani nikafungua vitabu vyangu. Ndivo ilivyo. Kuna aina za mwanzo zinazoingia kwenye mchanga mtupu, zinakua haraka zinakufa haraka, zinashika mchanga kidogo, na kuna za baadaye zinazokuja polepole zikakaa miaka. Wataalamu wana majina ya Kilatini kwa kila moja. Mama ana kucha, kitunguu, mundu na mzee, na mpangilio ni uleule. Na sisi, kwa akili zetu na fulana zetu, tulichukua wale wazee tukawachomeka kwenye mchanga mtupu.

Kitu kingine akanionesha palepale. Maji yalikuwa yametulia, juu yake kuna chenga nyeupe ndogo ndogo zinaelea makundi makundi, mie maisha yangu yote nilidhani ni povu au takataka. "Hii huja bamvua tu, wakati majani yanafika juu," akasema. Kumbe ni maua. Ua dume la lile jani refu linakatika kule chini, linapanda juu, linaelea kama chenga ya mchele likitafuta ua jike lililofungua mdomo kwenye uso wa maji. Nimechota kwenye kiganja. Ukiziangalia karibu zimesimama juu ya maji kama zina miguu, ukipuliza zinakimbia.

Miaka thelathini na kitu napita juu yake.

Kiwanja cha pili kilikuwa katikati, kitunguu na mundu vimechanganyika. Nikaanza kujisikia vizuri, nikawa natunga posti kichwani kwamba jamani tuache kupanda, bahari inajirudishia yenyewe, mama kasema.

Tukafika cha tatu.

Mchanga. Miaka kumi na mbili tangu akiache, bado mchanga. Hata zile kucha hazipo. Mama akasimama na mikono kiunoni. Cha tatu kiko mlangoni, pale boti zinapoingilia, nanga zinatupwa hapo, na maji yakijaa usiku majuya yanaburuzwa hapohapo kwa sababu hakuna mwamba wa kukwaza nyavu. Mama na wenzake ndo walioondoa hata mawe.

"Hapa nilipasafisha sana," akasema.

Hiyo ndo mara pekee niliyosikia kitu kwenye sauti yake, na hata hapo sina uhakika.

## Magamba

Tulirudi kupitia mwambani maana alitaka chaza za mchuzi. Hapa nitaondoka kwenye majani kidogo lakini si mbali.

Mama anachokoa chaza kama alivofundishwa na bibi: anamfungua palepale mwambani, kisu kinaingia pembeni, gamba la juu linatoka, anakwangua nyama inaingia kwenye kopo, gamba la chini linabaki limeganda kwenye jiwe. Nikamuuliza kwa nini asibebe mzima mzima. Akasema nibebe mawe kichwani nna wazimu?

Uzito tu. Hakuna falsafa yoyote.

Lakini mtoto wa chaza anaelea wiki mbili tatu, halafu anatafuta kitu kigumu cha kujigandisha kwa maisha yake yote, na anachokipenda kuliko vyote ni gamba la chaza mwingine. Kosa lililofanyika Ulaya na Marekani ndo hilo, walikuwa wanavua chaza pamoja na magamba, miamba mizima ya chaza iliyojengwa na vizazi na vizazi, wanakula nyama, magamba wanamwaga barabarani au wanachoma chokaa. Inakadiriwa asilimia 85 ya miamba ya chaza duniani imekwisha. Ghuba ya Chesapeake, hukohuko Marekani, leo wanalipa pesa kurudisha magamba chini, wanakusanya mpaka ya mahotelini, wanayaosha, wanagandisha watoto wa chaza juu yake. Mto mmoja tu, Harris Creek, wamemwaga zaidi ya chaza bilioni 2. Wanafanya hivo kwa sababu chaza mmoja mzima wa kule anaweza kuchuja karibu lita 190 za maji kwa siku, na maji yakisafika jua linafika chini, na jua likifika chini nyasi bahari zinaota. Ndo maana hawa wawili wanatajwa pamoja siku zote, mmoja anamfagilia mwenzake.

Sisi hatuna miamba mikubwa ya chaza kama ile, wetu wanaganda mwambani na kwenye mizizi ya mikoko. Ila sasa hivi chaza wa hotelini anatakiwa na gamba lake, awekwe juu ya barafu na kipande cha ndimu apigwe picha. Kwa hiyo vijana wanakwenda na nyundo wanabandua mzima. Nyuma ya hoteli moja nimeona lundo la magamba limefika kiunoni. Mwambani pale wanapochukua wao jiwe limebaki jeupe.

Gambia wanawake wanaovuna chaza walikuwa wakikata mizizi ya mikoko ili wambebe chaza nayo, baadaye wakajiunga chama, TRY, wakakubaliana wenyewe kuacha kukata na kufunga msimu miezi mingi ya mwaka, na 2012 wakapata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nilimsomea mama. Akauliza hiyo miezi iliyofungwa walikuwa wanakula nini. Nikasema sijui wallahi, nadhani walikuwa na biashara nyingine ndogo ndogo. Akasema hapo ndo ungeanzia kusoma.

## Kikao

Nilimpeleka kwenye kikao cha mradi. Ilibidi ajaze fomu, kwenye fomu akawekwa "mwanajamii", mie nikawekwa "mdau", sote tunatoka nyumba moja.

Alikaa kimya muda mrefu. Walikuwa wanazungumzia awamu ya pili, miche elfu mbili, na kaboni, maana siku hizi kila kitu cha bahari kina kaboni ndani yake, na kweli Gazi kule Kenya wanauza kaboni ya mikoko tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko yao, na pesa imewaletea maji na madarasa, kwa hiyo silibezi. Mwishoni mwenyekiti akasema labda bi mkubwa ana neno.

Mama akasema analo swali tu. "Mradi wenu wa miaka mingapi?"

Miezi kumi na minane.

Akatikisa kichwa taratibu, kwa adabu kabisa, akasema ahsanteni. Nyumbani ndo aliniambia, miezi kumi na minane hata kucha hazijashika.

Nilipendekeza awamu ya pili isipande kitu chochote kwanza, pesa ile itumike kukaa na wenye boti na wa majuya kuhusu ule mlango, kutafuta sehemu nyingine ya nanga. Mmoja akanijibu, na hakuwa mkali, kwamba mfadhili anahitaji kuona idadi ya miche. Huwezi kupiga picha ya kitu ambacho hakikufanyika. Namuelewa. Nilikuwa na picha ya pini mfukoni muda wote huo nikashindwa kuitoa, kwa hiyo na mimi nisijifanye shujaa.

## Vijiti

Wiki mbili baadaye nilikuja nyumbani nikamkuta mama uani anachonga vijiti. Vijiti vya mwani, kumi na viwili, na bunda la taitai nyekundu, vile vikamba vya kufungia mwani, la enzi zile.

Nikasema mama, magoti.

Akasema nishike ndoo.

Tulikwenda mpaka kiwanja cha tatu, pale mlangoni. Akapima kwa hatua zake, akachomeka vijiti pembe nne na pembeni, akafunga kamba za zamani kutoka kijiti mpaka kijiti, na juu ya kila kijiti akaning'iniza taitai ili ionekane kwa mbali. Kwenye kamba hakufunga kitu. Hakuna mwani hata ncha moja.

Ikanichukua muda kuelewa. Hakuna nahodha wa kwetu atakayetupa nanga kwenye shamba la mwani la mtu, na hakuna wa juya atakayeburuza juu ya kamba za bi mkubwa wa watu, ugomvi wake hauishi leo wala kesho, utafika kwa sheha na utafika msikitini. Majani hayana mwenyewe. Shamba lina mwenyewe.

Sijui kama itafanya kazi. Vijiti viwili vimeshaibiwa, nadhani vya kuni, amevirudishia. Mchanga uko vilevile, nimeangalia bamvua zote mbili zilizopita, nimepiga magoti kabisa, hakuna kucha.

Ila jumamosi iliyopita tulikuwa pale tunakaza kamba, boti ikawa inaingia, nikaona nahodha anaziangalia taitai, akakata usukani akazunguka mbali, akaenda kutia nanga upande wa pili. Alipopita karibu yetu akapiga kelele.

"Bi! Mwani wako umechukuliwa na maji!"

Mama hata hakuinua kichwa.

"Bado haujaota!"